Pikapu iliyoinuliwa na mwendo mgumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na majibu yake kwa madereva wa Nyanda za Juu Kusini

Wenye pikapu wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe huliinua gari ili lipite kwenye makorongo na matope ya masika bila kugonga chini, kisha hugundua kwamba limekuwa gumu kiasi cha kuwachosha abiria kabla hata ya nusu ya safari. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu hasa pikapu za tani moja zenye springi za bapa (vyuma virefu vilivyopangwa kwa tabaka) nyuma, kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Mitsubishi L200, ingawa mengi yanaifaa pia Land Cruiser ya kazi. Msimamo unaoyaongoza ni mmoja: ulaini wa gari huamuliwa na uwiano kati ya springi na uzito ambao gari hubeba siku nyingi, na urefu wa kuinuliwa huja baada ya hapo.

Kwa nini gari lilikuwa laini lilipotoka kiwandani, na sasa kila jiwe dogo linasikika kwenye usukani?

Mara nyingi sababu ni kwamba gari limeinuliwa kwa kuwekewa springi ngumu zaidi, zilizotengenezwa kwa mzigo ambao mwenye gari habebi. Springi za kuinulia huuzwa kwa madaraja ya uzito: zipo za gari lisilo na mzigo, zipo za mzigo wa kudumu wa kilo mia chache, na zipo za gari linalobeba karibu uwezo wake wote kila siku. Fundi au muuzaji akikupa za daraja la juu kwa sababu ndizo zilizopo dukani, nyuma ya gari itasimama juu vizuri na macho yataridhika, lakini tairi likikanyaga jiwe springi haitakunjwa, bali itausukuma mwili mzima wa gari kwenda juu. Mwili wa binadamu husumbuliwa zaidi na mitikisiko ya wima ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na gari lenye springi ngumu kuliko uzito wake hupitisha kwa wingi mitikisiko ya aina hiyo hadi kwenye viti.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda linapokutana na tuta, na linahitaji pia nafasi ya kushuka linapokutana na shimo. Njia nyingi za bei nafuu za kuinua gari huipata ile ya kwanza kwa kuila ile ya pili, na ndiyo maana gari lililoinuliwa hivyo hutoa kishindo si wakati wa kupanda tuta bali wakati wa kushuka kwake, pale gurudumu linapofika mwisho wa njia yake na kukita.

Nianze na nini kabla ya kununua chochote?

Anza na upepo wa matairi. Ni jambo dogo, halina gharama, na katika magari mengi ndilo linaloleta tofauti kubwa kuliko spea yoyote. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha kiwanda kinachoonyesha upepo wa mbele na wa nyuma, kwa gari tupu na kwa gari lenye mzigo. Namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo ambacho tairi halipaswi kuvuka, na kwa matairi mazito ya kazi kikomo hicho kinaweza kufika psi 80 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo). Kujaza kiasi hicho kwenye pikapu tupu ni sawa na kuendesha juu ya magogo.

Ukiwa umeyabadilisha matairi ya kiwanda kwa matairi makubwa yenye mbavu ngumu, tambua kwamba umeongeza ugumu mara mbili: mbavu zenyewe hazikunjiki kwa urahisi, na uzito wa tairi na rimu, ambao haubebwi na springi yoyote, unaifanya shokapu, yaani kifaa kinachotuliza mruko wa springi, ifanye kazi kubwa zaidi kulirudisha gurudumu chini. Kwa gari ambalo siku nyingi liko kwenye lami kati ya Uyole na Makambako, matairi ya aina hiyo ni gharama isiyo na faida.

Kwenye changarawe unaweza kupunguza upepo kwa asilimia 15 hadi 20 kutoka kiwango cha kibandiko, mradi gari halina mzigo mkubwa, mwendo uwe wa pole, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hupata joto na linaweza kupasuka. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Tofauti ya joto kati ya asubuhi ya Juni huko Kitulo na mchana wa Kyela inatosha kubadilisha kipimo kwa psi kadhaa, hivyo anayetoka baridi ya Kitulo na kuteremka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na kukaa huko siku chache hana budi kupima upya akifika.

Nitajuaje kama tatizo ni springi, shokapu au bushi?

Sikiliza gari kwenye tuta moja unalolifahamu, ukipita kwa mwendo uleule kila mara. Gari likiendelea kupanda na kushuka mara mbili au tatu baada ya tuta, shokapu zimechoka. Likitua mara moja lakini kila kokoto linasikika, tazama springi na matairi. Ukisikia kishindo gurudumu linaposhuka upande wa pili wa tuta, njia ya kushuka imekwisha, ama kwa sababu shokapu ni fupi kuliko inavyotakiwa au kwa sababu mikono ya mbele inayoshikilia gurudumu imekwisha kukaa karibu na mwisho wake wa chini. Kishindo kikitokea wakati wa kupanda, gari linagonga raba za kuzuia, zile zinazopokea pigo springi ikikunjwa hadi mwisho. Mlio mkavu wa chuma kwa mwendo mdogo, hasa unapokata kona kuingia gereji, ni wa bushi (vipande vya raba vinavyokaa kwenye maungio), shakeli (kiungo kinachobembea kati ya ncha ya springi na chesesi, yaani fremu ya gari) au boljointi (kiungo cha mviringo kwenye mikono ya mbele).

Ipo njia ya kuhakikisha badala ya kubahatisha. Paka chokaa au grisi kidogo kwenye raba za kuzuia, kisha endesha kwa siku moja katika barabara zako za kawaida. Chokaa ikikutwa imefutika, gari linagonga. Kwa shokapu ambazo fimbo yake iko wazi, funga uzi wa plastiki wa kufungia nyaya kwenye fimbo hiyo. Gari likikunjika, uzi utasukumwa na kubaki pale shokapu ilipofika, na utaona kama imetumia njia yake yote au nusu tu. Pikapu nyingi ngumu zilizopimwa hivi huonekana kutumia sehemu ndogo sana ya njia iliyopo, na huo ndio ushahidi kwamba springi ni ngumu kuliko uzito.

Springi za bapa za nyuma zinawezaje kulainishwa bila gari kulala zikiwa na mzigo?

Hapa ndipo penye kazi kubwa zaidi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa haraka ya kununua.

Hatua ya kwanza ni kujua uzito. Nenda kwenye mizani ya magari, kama zile zilizopo kwenye baadhi ya viwanda vya kukoboa mpunga na maghala ya mazao, upime ekseli ya mbele na ya nyuma, gari likiwa na tanki lililojaa, tairi la akiba, bampa za chuma, turubai au kava, na watu unaosafiri nao kwa kawaida. Bila namba hizo mazungumzo yote kuhusu springi ni ya kukisia. Ukizipata, chagua springi za daraja linaloendana na uzito wa siku nyingi, na ule mzigo wa mara mojamoja uutafutie njia nyingine, ambayo imeelezwa katika swali linalofuata.

Kati ya seti mbili zenye uwezo sawa wa kubeba, ile yenye mabapa mengi membamba na marefu kwa kawaida huenda laini kuliko ile yenye machache mazito. Hata hivyo, mabapa mengi huleta msuguano, na springi iliyojaa kutu na udongo mwekundu kati ya mabapa yake hukataa kukunjika kwa matuta madogo, halafu huachia ghafla kwenye makubwa. Ukifungua springi za gari la zamani la Mufindi au Njombe, ambako mvua na vumbi hupokezana mwaka mzima, mara nyingi utakuta mabapa yameshikana kama yaliyochomelewa. Kuzifungua, kuzisugua kwa brashi ya waya, kupaka grisi yenye grafiti kwenye ncha za mabapa na kurudisha vipande vya plastiki vinavyokaa kati yake kama springi yako inavyo ni kazi ya siku moja, na faida yake huonekana gari likitoka tu gereji.

Kisha tazama shakeli. Gari likiwa limesimama na uzito wake wa kawaida, shakeli ya nyuma inapaswa kuelemea nyuma kidogo kutoka juu kwenda chini, kwa sababu springi inapokunjwa hurefuka, na shakeli ndiyo inayoipa nafasi ya kurefuka. Springi yenye upinde mkali kupita kiasi huivuta shakeli hadi ikasimama wima au ikaelekea mbele. Ikifika hapo, pigo la barabara hukosa pa kwenda na kuingia moja kwa moja kwenye chesesi. Kuongeza bapa moja chini ya seti ya zamani, jambo linalopendwa kwa urahisi wake, mara nyingi huleta hali hii hii, na mimi silishauri kwa gari la familia.

Bloku za chuma kati ya ekseli na springi haziongezi ugumu wa springi, na kwa upande huo ni afadhali. Zina hasara yake, kwa kuwa huipa ekseli mkono mrefu wa kuisokota springi wakati wa kuondoka kwa nguvu au kufunga breki, na springi ikisokotwa propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, hutikisika. Zisiwekwe mbili moja juu ya nyingine, na zisiwekwe kamwe kwenye ekseli ya mbele. Kuhusu kutoa bapa moja ili kulainisha, fanya hivyo kwa gari ambalo hakika halitapakiwa tena, na usiguse bapa kuu wala lile la pili linaloliunga mkono.

Jambo la mwisho katika swali hili hupuuzwa na mafundi wengi hodari. Bolti zinazopita kwenye bushi za raba hukazwa gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa kwenye jeki na ekseli ikining'inia, raba hushikwa katika mkao usio wake, hujisokota muda wote gari linapokuwa chini, huongeza ugumu na huchanika mapema. Kulegeza bolti hizo, kulitikisa gari na kuzikaza upya kwa kipimo cha kiwanda huchukua muda mfupi, na kumewahi kumaliza malalamiko ambayo tayari yalikuwa yameandaliwa fedha ya springi mpya.

Siku mbili kwa wiki ninapakia viazi kutoka Isongole, siku zilizobaki gari liko tupu. Nifunge springi za uzito gani?

Funga za gari tupu au za mzigo mwepesi, halafu ongeza mifuko ya upepo ya kusaidia springi, ile inayokaa kati ya ekseli na chesesi na kujazwa kwa pampu ya kawaida. Siku ya viazi unaijaza hadi gari lisimame sawa; siku ya kupeleka watoto shule unaipunguza. Usiiache bila upepo kabisa, kwa sababu mpira wake hujikunja na kujikata. Watengenezaji wengi hutaka ibaki na angalau psi 5. Mifuko hii haiongezi uwezo wa gari uliotajwa na kiwanda. Ekseli, breki na matairi ni yaleyale, na gunia la lumbesa halijali kama nyuma ya gari imesimama sawa. Usambaze mzigo usogee mbele ya ekseli, maana mzigo wote ukikaa karibu na mlango wa nyuma, mkazo hukusanyika kwenye chesesi pale mfuko unapoigusa, na chesesi huweza kupinda.

Fundi aliinua mbele kwa kukaza toshenibaa. Je, ndiyo imeifanya ngumu?

Kwa namna moja, ndiyo, ingawa sababu si ile inayotajwa mara nyingi. Toshenibaa ni fimbo ndefu ya chuma inayofanya kazi ya springi kwa kujisokota, na inapatikana kwenye Hilux za kabla ya 2005 zenye mbele huru, yaani kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake, na kwenye D-Max na L200 za zamani. Kuikaza bolti yake hakuifanyi fimbo yenyewe kuwa ngumu zaidi. Kunachofanya ni kuubadilisha mkao wa mikono, ili gari lisimame juu. Mikono ikishushwa hivyo, njia ya gurudumu kushuka karibu inaisha, na kila shimo huwa kishindo. Irudishe chini kidogo hadi ubaki na nafasi ya kutosha kati ya mkono wa juu na raba yake ya kuzuia gari likiwa limesimama, kisha weka shokapu za urefu unaofaa. Sentimita moja au mbili za kimo utakazopoteza hutazikumbuka.

Kwa magari ya springi za koili mbele, pete inayowekwa juu ya mguu wa shokapu ina kasoro ya namna nyingine: koili na shokapu hubaki zilezile, lakini sehemu yote inasogezwa chini, na boljointi ya juu inaweza kufika pembe isiyoiweza. Koili zilizotengenezwa kwa uzito halisi wa mbele, pamoja na bampa ya chuma na winchi kama zipo, ndizo njia bora.

Ninunue shokapu za mafuta au za gesi?

Zote zina mafuta ndani. Tofauti ni kwamba za gesi zimeongezewa naitrojeni yenye shinikizo ili mafuta yasitoe povu. Barabara ya changarawe yenye mawimbi huisukuma shokapu mara nyingi kwa sekunde bila kupumzika, mafuta hupata joto, povu huanza, na gari ambalo lilikuwa zuri mwanzoni mwa safari huanza kuelea na kuyumba. Kwa safari kama hizo, gesi inafaa. Lakini zile za bomba moja zenye shinikizo kubwa huwa na ukali fulani kwenye matuta madogo, na kwa mtu ambaye safari zake ni za Mwanjelwa, Mafiati na Uyole, shokapu nzuri ya bomba mbili yenye gesi ya shinikizo dogo itamfurahisha zaidi.

Muhimu kuliko aina ni urefu na ulinganifu. Pima urefu wa shokapu ikiwa imefunguka yote na ikiwa imefungwa yote, ulinganishe na njia ya ekseli yako. Raba ya kuzuia lazima iguse kabla shokapu haijafika mwisho wa kufungwa, vinginevyo shokapu ndiyo itakayobeba pigo na kuvunjika. Vilevile shokapu iliyotengenezwa kwa ajili ya springi nzito, ikifungwa na springi nyepesi, itaizuia isirudi kwa wakati. Kwenye matuta yanayofuatana gari litazidi kushuka na kuwa gumu zaidi kila tuta.

Niinue kwa kiasi gani bila kuharibu mwendo na usalama?

Kwa pikapu za mbele huru, milimita 40 hadi 50 ndicho kiasi ninachokiona kuwa cha busara. Zaidi ya hapo pembe za sivijointi, viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, huwa kali, mipira yake hupasuka, na alaimenti (upangaji wa pembe za magurudumu) ya kawaida haitoshi kulirejesha gurudumu kwenye mkao unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Land Cruiser yenye ekseli ngumu mbele huvumilia zaidi, ila nayo huhitaji bushi za kurekebisha pembe hiyo, la sivyo itatangatanga barabarani.

Jambo ambalo ningeomba kila msomaji alichukue kwa uzito ni breki. Pikapu nyingi zina vali inayounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, ambayo hupima umbali kati ya ekseli na chesesi ili kukadiria mzigo. Nyuma ikiinuliwa na fimbo isirekebishwe, vali hudhani gari ni tupu hata likiwa limejaa, na hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Kwenye tambarare huenda usigundue. Kwenye mteremko wa Kitonga, au Mlima Nyoka, au zile kona za Hamsini na Saba kati ya Matamba na Chimala ukiwa na mzigo nyuma, breki za mbele zitafanya kazi ya zote na kupata joto. Mwambie fundi aonyeshe mahali vali ilipo na namna alivyoirekebisha, aonyeshe pia kwamba mipira ya breki haivutiki ekseli inaponing'inia, na taa za mbele zishushwe ili zisimpofushe anayekuja.

Wengine huondoa stabilaiza, fimbo inayozuia gari lisiiname kwenye kona, ili gari lilainike. Ni sahihi?

Hapana, si kwa barabara zetu za kona. Gari lililoinuliwa tayari lina kitovu cha uzito kilicho juu zaidi. Ukihitaji uhuru wa ziada, weka viunganishi vyake virefu vinavyolingana na kimo kipya.

Abiria wa kiti cha nyuma bado wanalalamika ingawa mbele ni laini.

Wao wako karibu zaidi na ekseli ya nyuma, hivyo hupata pigo kabla halijapoa. Kagua bushi zinazobeba kabini juu ya chesesi, kwa kuwa zikikauka, kabini hukaa juu ya chuma. Kagua pia propela: gari likiinuliwa nyuma, pembe ya krosi, kiungo cha propela, hubadilika, na mtetemo unaoanza kwenye mwendo fulani tu na kutoweka ukipunguza ni wa propela, wala hautatibiwa na springi yoyote. Vipande vya kabari vinavyorekebisha pembe ya difu (sanduku la gia kwenye ekseli ya nyuma) huuondoa.

Baada ya kufunga kila kitu, nirudi gereji lini?

Springi mpya hutulia na kushuka kidogo katika wiki za mwanzo, kwa hiyo alaimenti ifanywe mara moja ili usile matairi, na irudiwe zikishatulia. Yubolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zikazwe tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000, kwa kipimo na si kwa kukisia, na zilizofunguliwa zisirudishwe bali zinunuliwe mpya, kwa sababu uzi wake huwa umevutika. Yubolti iliyolegea huacha bapa zicheze juu ya ekseli hadi sentabolti, ile inayopita katikati ya mabapa, ikatike, na hapo ekseli husogea kutoka mahali pake gari likiwa mwendoni. Shakeli zenye chuchu za grisi zipakwe grisi kila unapobadilisha oili, na mara nyingi zaidi wakati wa masika.